Mleta mada, hiyo pasipoti usimwachie mtu

Dada, umeuliza mambo mengi: pete ya ndoa ya kujifanya umeolewa, namna ya kugawa pesa, laini ya simu, kutembea usiku. Mimi nimekwama kwenye mstari mmoja ulioupitia juujuu, kwamba mwenyeji uliyempata mtandaoni amesema ukifika utamwachia pasipoti kwa siku chache "akuandikishe". Mwili umenisisimka. Usimwachie! Na nyie mliomjibu kwamba huo ni utaratibu wa kawaida, hebu futeni maneno yenu kabla hajapanda ndege.

Mimi niliambiwa hivyohivyo, tena na wakala wa safari niliyemlipa pesa nzuri ili anilinde na mambo kama haya. Mwenyeji alinipokea kwa bashasha, akachukua pasipoti, akaifungia kwenye droo. Siku zikapita. Kila nikiuliza, mara ofisi imefungwa, mara mhusika hayupo, njoo kesho. Halafu akaanza kunigongea mlango usiku, leo ana zawadi, kesho anataka tuzungumze kidogo. Sikufungua. Lakini pa kwenda sikuwa napo: hotelini hawanipokei bila pasipoti, ndege sipandi, mpaka sivuki, na pesa alizonitumia dada yangu zilikwama kwenye dirisha la kupokelea pesa kwa sababu sina kitambulisho. Nakala pia sikuwa nayo, maana wakala alisema haina haja.

Niliondoka asubuhi yeye akiwa kazini, na begi la mgongoni tu. Polisi wakaandika taarifa, ubalozi ukanipa hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo ilinifikisha nyumbani, basi. Viza ya nchi niliyokuwa naelekea ilikuwa imebandikwa ndani ya ile pasipoti, ikapotea nayo, pamoja na tiketi na hoteli nilizokwisha kulipia. Na usidhani ukitoa taarifa leo, kesho akairudisha, utaendelea na safari yako. Pasipoti iliyotangazwa kupotea au kuibwa hufutwa, na namba yake inaweza kuingia kwenye kanzidata ya Interpol (shirika la polisi la kimataifa) ya hati za namna hiyo, iliyoanza 2002. Ukiitumia, utajikuta unahojiwa uwanjani.

Yule wakala nilipompigia alisema nimemkosea adabu mtu aliyenikaribisha kwake. Baadaye nikajua analipwa kwa kila mgeni anayempeleka pale. Bado nikimkumbuka damu inachemka, kwa sababu wasichana wengine wanapita mikononi mwake.

Sasa sikiliza kuhusu huo uandikishaji, ambao ndio chambo chenyewe. Upo kweli. Italia, anayelaza wageni lazima apeleke taarifa zao polisi ndani ya saa 24. China, mgeni anayelala nyumbani kwa mtu badala ya hoteli anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 vilevile. Lakini mwenye hoteli ananakili maelezo mbele yako na kukurudishia pasipoti yako, na penye ofisi ya kwenda, mnakwenda wote wawili ukiwa umeishika wewe. Kwa kawaida pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, si rehani. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kuzuiliwa kwa hati za mtu kuwa mojawapo ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na mkataba wake namba 189 wa 2011 unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Kama mwajiri haruhusiwi, huyo wa mtandaoni ni nani?

Hili linahusu hata wanaokodisha pikipiki kwa watalii. Wakitaka pasipoti iwe dhamana, toa pesa taslimu au nenda kwingine, maana ukirudi utaonyeshwa mkwaruzo usioujua na bei watapanga wao.

Piga picha ukurasa wenye sura yako na ule wenye viza, mtumie ndugu unayemwamini, na uchapishe nakala ikae mbali na pasipoti. Namba ya ubalozi iandike kwenye karatasi pia, simu huzima. Ukiwa Umoja wa Ulaya, 112 ni namba ya dharura ya bure kote. Pete vaa ukipenda, haina madhara. Hayo ya laini na pesa watakujibu wengine.

Mwandikie mwenyeji leo hii: nitakuja na nakala, na kwenye kuandikishwa tutakwenda pamoja. Akikubali bila maneno, vizuri. Akianza kununa au kukwambia humwamini, futa nafasi hiyo na ulipie hoteli yenye mapokezi yasiyofungwa usiku. Hata kama pesa ya awali hairudi, iache. Halafu rudi hapa utuambie amejibu nini, nitakuwa nachungulia uzi huu.