Kabla hujatoboa kisigino cha mtoto

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodi ya watoto wachanga hapa Mbeya, hasa mnaoripoti Juni na Julai wakati baridi imechachamaa: ile sentensi tuliyoikariri darasani, kwamba ubongo unakula glukosi tu, iacheni getini. Kwa mtu mzima aliyeshiba inakaribia ukweli. Kwa mtoto wa jana, hapana.

Glukosi bado ndiyo chakula chake kikuu. Ila kitovu kikishakatwa, sukari ya mama imekoma, na ndani ya saa moja au mbili kipimo cha sukari ya damu hushuka. Ubongo hapo hauchagui: hutumia laktati, zao la kuvunjwa kwa sukari, saa za mwanzo, kisha ketoni ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta ya mwilini na ya maziwa ya mama. Ubongo wa mchanga huzifyonza kwa kasi mara kadhaa kuliko wetu, na wala haziishii kuchomwa. Nyingine hugeuzwa kolesteroli na mafuta ya kujengea mailini, ala inayofunika nyuzi za fahamu. Kuni hizohizo ndizo mbao za kujengea. Nilipolielewa hili ndipo fiziolojia ilipoanza kuninogea.

Sasa njoo wodini. Watoto wawili, mashine ya sukari inasoma 2.3 mmol/L kwa wote. Mmoja ana kilo 3.2, mashavu yamejaa, ananyonya. Mwingine kilo 1.6, ngozi ya paja inakunjamana ukiigusa. Wote walishwe na kupimwa tena, lakini daktari mwite kwanza kwa huyu njiti: hana mafuta ya kutosha kutengeneza ketoni. Usidanganyike pia na bonge la mtoto wa mama mwenye kisukari. Insulini yake ikiwa juu, mafuta anayo lakini yamefungiwa. Mashine haikuonyeshi hayo.

Mimi, kwenye hospitali niliyoanzia, nilimwacha njiti mezani karibu na dirisha nikihangaika kutafuta vijiti vya kupimia. Niliporudi nyayo zilikuwa za baridi. Akiba yake ndogo ilikuwa inaishia kumpasha joto. Siku hizi ni kofia ya sufu kwanza, kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kanga juu, blanketi juu ya kanga, ndipo natoboa kisigino.

Na bibi akija na chupa ya maji ya glukosi, mwamkie shikamoo kwanza, kisha mwombe amsaidie mama kukamua dang'a kwenye kikombe. Kwenye ile chupa hamna hata tone la mafuta.