Kamera ya joto "ya kijeshi" kwa ulinzi wa msitu: tununue au tusubiri?

SWALI: Nasimamia ulinzi wa mashamba ya paini na milingoti ya kikundi chetu karibu na Mafinga. Tunataka kamera ya joto ya kugundua moto usiku. Muuzaji anadai yake ni ya kijeshi na inapenya ukungu. Mwenzetu naye anasema tusubiri, majeshi yananunua kwa wingi kwa hiyo bei itashuka. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, msisubiri, na huyo muuzaji msimwamini kwa maneno matupu.

Ni kweli soko la kijeshi linakua. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi za Ulaya zimeongeza bajeti za ulinzi, na droni zenye kamera za joto zimekuwa kifaa cha kila siku vitani. Ila kamera za kwenye vifaru na ndege za doria mara nyingi zina vihisi (sehemu inayopokea joto) vinavyopozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni ghali, mtambo wa kupozea huchakaa, na oda zikizidi foleni ndiyo inayorefuka. Mnayohitaji nyinyi ni ya kihisi kisichopozwa. Hizo zimeshuka bei kwa miaka mingi, lakini lenzi zake nyingi ni za gerimaniamu, madini yanayopitisha mawimbi ya joto, na China, mzalishaji mkuu, iliiwekea masharti ya vibali vya kuuza nje Agosti 2023. Vita vinaweza hata kupandisha bei.

Sasa ukungu, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Kamera hizi hupokea mawimbi ya joto yenye urefu wa mikromita 8 hadi 14 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Matone ya ukungu yana ukubwa unaokaribiana na huo, hivyo huyatawanya na kuyafyonza. Chembe za moshi nyingi hazifiki mikromita 1, kwa hiyo joto hupita katikati yake. Ndiyo maana zimamoto humwona mtu ndani ya nyumba iliyojaa moshi, lakini ukungu mzito wa Mufindi ukishuka, hata kamera ya jeshi itaonyesha kijivu kitupu. Bahati nzuri, miezi yenu ya hatari ni ile ya ukavu na upepo kabla ya mvua.

Ulizeni pikseli (vinukta vinavyounda picha) na lenzi. Kihisi cha 640 kwa 512 chenye pikseli za mikromita 12, kikiwa na lenzi ya milimita 25, kila pikseli hufunika kama mita 1.4 kwa umbali wa kilomita 3. Mtu atakuwa nukta tu. Moto, hata ukiwa mdogo kuliko hapo, utang'aa kwa ukali wa joto lake. Kasi ya picha 9 kwa sekunde inawatosha kabisa; za kasi zaidi hubanwa na sheria za Marekani za kuuza nje.

Kabla ya kulipa, mwambieni aje nayo mnarani usiku. Wekeni jiko la mkaa linalowaka kwenye barabara ya kuzuia moto, mahali panapoonekana, kilomita 3 hivi, mwangalie wenyewe. Akikataa, tafuteni muuzaji mwingine.