Madaftari mawili: mnapobishana kuhusu Wahindi mkiwa Uingereza

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024 chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Leicester kilikuwa na kikao cha kawaida. Tulikuwa na michango ya mwezi, wagonjwa wawili wa kutembelea, na maiti ya kusafirishwa Bujumbura. Hatukufika kwenye maiti. Simu zilikuwa zinaingiza picha za Rotherham, watu wakivunja madirisha ya hoteli na kuwasha moto huku waomba hifadhi wakiwa ndani. Kaka mmoja, mtu wa Dar kama mimi, akasema kwa utulivu kabisa: "Jamani, vita hii si yetu. Wanawatafuta Waislamu na Wahindi. Tukae kimya itapita."

Mama mmoja wa Mombasa, mtandio kichwani, akamuuliza: "Na mimi ni nani, mwanangu?"

Akajibu kwamba hakumaanisha yeye, alimaanisha Wahindi. Kisha akatumia neno la dharau kwa Wahindi ambalo sijalisikia kwa miaka mingi: magabacholi. Ukumbi ukawaka moto. Watu wawili waliondoka, na usiku ule kundi la WhatsApp likageuka uwanja wa matusi.

Nimekaa Leicester tangu mwaka 2005, kazi yangu ni kutunza wazee, na mabishano ya namna hii nimeyaona yakirudi kila magazeti yanapochemka au uchaguzi unapokaribia. Najua yapo pia kwenye vyama vya Waswahili wa London, Birmingham na Manchester, maana ndugu zetu wa huko hutupigia simu kutusimulia. Naandika kwa ajili ya yeyote atakayejikuta katikati ya kikao kama kile, hasa kama yeye ndiye mwenyekiti. Nimeshawahi kunyamaza pale nilipopaswa kusema, na nimeshawahi kuropoka pale nilipopaswa kusikiliza.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: fungueni madaftari mawili, msiyachanganye.

La kwanza ni daftari la nyumbani. Kila mmoja wetu analo, na kulificha hakusaidii. Mimi nimekulia Magomeni. Duka tulilokuwa tukikopa sukari lilikuwa la Mhindi, na deni letu liliandikwa kwenye daftari la jalada jeusi. Mama yangu alisimama dirishani miaka yote ile, hakuna siku aliyokaribishwa ndani hata mvua ikinyesha. Nilikuwa mtoto wakati Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipokuwa akiwahutubia walalahoi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na neno lile la gabacholi tuliliimba mtaani kama wimbo. Tulilipenda kwa sababu lilitaja kitu tulichokiona kila siku. Kwa hiyo kaka yangu pale ukumbini hakuzua. Alikuwa anasoma ukurasa ambao na mimi ninao.

Lakini daftari hilohilo la nyumbani lina kurasa nyingine. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu, na Nyerere alisimama Bungeni akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Amir Jamal, mwenye asili ya India, alikuwa waziri katika serikali yake kwa miaka mingi. Kenya ilikuwa na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru mwenye asili ya Goa, India, aliyepigwa risasi Februari 1965 mbele ya nyumba yake Nairobi. Kisha zipo kurasa chungu kwa upande wao: sheria za Kenya za mwaka 1967 zilizowabana wasio raia katika biashara na ajira, nyumba zilizotaifishwa Tanzania mwaka 1971, na siku 90 alizotoa Idi Amin Agosti 1972 Wahindi waondoke Uganda. Mkifungua daftari hili, lisomeni lote. Na someni Wahindi wakiwepo. Kikao cha kuwajadili watu wasiokuwemo chumbani hakijawahi kunipa kitu chochote cha kweli.

Jirani yangu wa mlango wa pili alizaliwa Jinja. Mimi humwita Bibi kama wanangu wanavyomwita, na tunaongea Kiswahili, yeye na chake cha Uganda na mimi na changu cha Dar. Alifika Uingereza akiwa na miaka 16, akapitia kambi ya Stradishall kule Suffolk. Yeye ndiye aliyenifungulia daftari la pili, la huku.

Daftari la huku linaanza kabla ya Amin. Wahindi wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza. Walipoanza kuja kwa wingi, serikali ya Harold Wilson, James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ilipitisha sheria Bungeni kwa siku tatu tu mwanzoni mwa mwaka 1968. Sheria ile ilisema pasipoti peke yake haitoshi. Ilibidi uwe na mzazi au babu mwenye mizizi Uingereza. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuta kwamba sheria ile iliwabagua Waasia kwa rangi yao, na kwamba kubaguliwa hivyo kulikuwa kuwadhalilisha. Lakini wazo la mizizi lilikuwa limeshaingia katika sheria ya uhamiaji ya mwaka 1971, na hiyo ilimgusa Mhindi na Mwafrika vilevile. Ninapowaambia wenzangu kwamba ubaguzi dhidi ya Wahindi ni jambo letu, sisemi kwa huruma. Mlango uliojengwa kumzuia Mhindi wa Nairobi ndio uliomzuia baadaye mpwa wangu.

Halafu kuna tangazo. Septemba 1972 halmashauri ya mji huu wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wa Uganda wasije. Sababu zilitajwa moja moja: nyumba zimejaa, shule zimejaa, huduma za jamii na afya zimeelemewa. Bibi anakumbuka baba yake akilisoma kwa sauti mezani, kisha akasema kwamba mji unaojitangaza hivyo lazima una watu wetu. Wakaja. Katika sensa ya mwaka 2021 wakazi wenye asili ya Asia walikuwa asilimia 43.4 ya Leicester, na mji haujaanguka.

Nenda kachukue gazeti lolote la leo linaloandika juu ya waomba hifadhi. Utaona nyumba, shule, hospitali, kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana nashauri mtu anapoleta ukurasa wa gazeti kikaoni, muusome pamoja na lile tangazo la mwaka 1972. Watu wa chama chetu walinyamaza kimya nilipofanya hivyo, akiwemo yule kaka.

Na kuhusu hoja ya "vita si yetu", ushahidi ulikuwa mezani siku ileile. Vurugu zilianza baada ya watoto watatu wa kike kuuawa Southport tarehe 29 Julai. Uvumi mtandaoni ukasema muuaji ni Mwislamu aliyekuja kwa mashua. Kumbe alizaliwa Cardiff, wazazi wake walitoka Rwanda. Msikiti wa Southport ulishambuliwa kwa sababu ya uvumi ule, na ukweli ulipotoka wenye chuki hawakurudi nyumbani. Middlesbrough walisimamisha magari kuuliza madereva kama ni Wazungu. Hakuna aliyekuwa anauliza kama wewe ni Mhindi au ni mtu wa Kigoma.

Sasa wanasiasa, maana hapo ndipo mabishano yetu huwa marefu na hayana faida. Oktoba 2022 Rishi Sunak alipokuwa Waziri Mkuu, wapo waliofurahi kwenye kundi letu: baba yake kazaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, huyu wa kwetu. Wapo waliosema wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda lakini ni yeye aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, kwa hiyo Wahindi ndivyo walivyo. Sentensi zote mbili zina kosa moja. Jina la ukoo halipigi kura Bungeni. Callaghan aliyefunga mlango mwaka 1968 alikuwa wa chama cha Labour, na Edward Heath aliyewapokea watu wa Uganda wapatao 28,000 mwaka 1972 alikuwa Mhafidhina. Heath huyohuyo ndiye aliyemfukuza Enoch Powell kwenye uongozi wa chama siku moja baada ya hotuba yake ya chuki ya Birmingham, Aprili 1968. Kura na maamuzi ya kila mbunge yameandikwa na yanasomeka na yeyote. Anza hapo.

Mimi niliupinga mpango wa Rwanda kwa nguvu zangu zote. Dada mmoja Mkongomani wa chama chetu hakulala miezi kadhaa akisubiri majibu ya ombi lake. Lakini Juni 2024 mpiga kampeni mmoja wa chama cha Reform aliporekodiwa kwa siri kule Clacton akimwita Sunak kwa tusi lile wanaloitiwa watu wa Asia Kusini, na Sunak akasema kwamba inamuuma kuona mabinti zake wanalisikia, baadhi yetu walicheka. Walisema amevuna alichopanda. Niliandika kwenye kundi kwamba sicheki, na naandika tena hapa. Tusi lile halikumlenga kwa sababu ya Rwanda. Lilimlenga kwa sababu ya ngozi, na Bibi yangu wa mlango wa pili analisikia kwenye basi bila kuwa na walinzi. Mpinge mwanasiasa kwa alichotia saini. Ukimtukana kwa kabila lake umempiga kila mwenye kabila hilo, na yeye mwenyewe umemwacha salama na hoja yake.

Kwenye magazeti kuna la kufanya zaidi ya kukasirika, ila lazima ujue mlango. Magazeti mengi makubwa yako chini ya IPSO, chombo cha kusimamia maadili ya magazeti kilichoanza Septemba 2014. Guardian na Financial Times hayamo, yana utaratibu wao. Kanuni ya wahariri ina kifungu cha 12 kuhusu ubaguzi, na watu wetu wote hukimbilia hicho. Kinamlinda mtu mmoja mmoja, hakilindi kundi. Aprili 2015 safu moja ya gazeti la Sun iliwafananisha wahamiaji na mende. Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa alisema lugha hiyo ni kama ile ya gazeti la Kangura na redio ya Mille Collines kabla ya mauaji ya Rwanda, na wanyarwanda wa chama chetu hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Malalamiko ya ubaguzi hayakupita, kwa kuwa hakutajwa mtu mmoja. Kwa hiyo tumia kifungu cha kwanza, cha usahihi. Tafuta namba iliyokosewa, tafuta sentensi isiyo kweli, na ulalamike kabla ya miezi minne kupita.

Sisi tulijifunza kwa kuumia. Gazeti moja liliandika habari ya nyumba za mtaani kwetu likiwa na takwimu isiyo sahihi. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili, ina historia ya ukoloni mpaka watumwa, na haikujibiwa. Ya pili tuliiandika jikoni kwa Bibi: sentensi yao, tarehe, takwimu ya serikali, na ombi la masahihisho. Mistari tisa. Baada ya wiki sita wakachapisha mistari miwili ukurasa wa ndani. Ni kidogo, lakini mistari hiyo miwili tuliipeleka kwa diwani, na hakuweza tena kutumia takwimu ile mbele yetu.

Na kuhusu madiwani na wagombea: mwenyekiti, usikubali waje kupiga picha na sahani ya pilau. Tulifanya hivyo mara moja, wakatoka na picha, sisi tukabaki na vyombo vya kuosha. Siku hizi tunapeleka swali moja lililoandikwa, na anayeuliza ni mmoja. Tena wajue mna kura. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata bila pasipoti ya Uingereza, kwa sababu nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola. Nimekutana na watu wamekaa miaka kumi hawajui. Wa Kongo na Burundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, kwa hiyo sisi wenye nayo tunabeba na yao. Msisahau kitambulisho chenye picha, bila hicho utarudishwa kituoni.

Jumatano ile ya tarehe 7 Agosti orodha ya ofisi za mawakili wa uhamiaji ilikuwa inazunguka kwenye simu, ikisemekana zitashambuliwa usiku. Mjukuu wa Bibi alifunga duka mapema. Watatu wa chama tulikwenda kukaa naye ili asiwe peke yake, na saa mbili usiku mlango ukagongwa. Alikuwa yule kaka. Sikuwa nimemwita. Akasema, "Shikamoo, mama," na Bibi, ambaye alijifunza salamu hiyo kwa dada yake aliyeolewa Dar, akaitikia marahaba, akamwuliza ametokea mtaa gani.

Walianza na nyumba ya shemeji yake Bibi iliyochukuliwa Upanga mwaka 1971. Kaka akamjibu na dirisha la duka la Magomeni. Bibi akasema dirisha lile halikuwa sawa, lakini na nyumba ile ilijengwa kwa jasho. Kaka akasema jasho la nani. Walibishana mpaka saa sita, sauti zikipanda, na hakuna aliyetukana. Hawajakubaliana hadi leo. Wiki iliyopita alikuja kumrekebishia bomba la jikoni, nikawasikia ukutani wakiendelea pale walipoishia.