Pikipiki inalifikia basi sekunde ya 10, si ya 5

Swali: basi linapita kituoni kwa mwendo usiobadilika wa 20 m/s, na papo hapo pikipiki iliyosimama kituoni inaondoka kulifuata; italifikia lini? Ukijibu sekunde ya 5, hapana, bado. Hapo mwendokasi ndio umelingana: pikipiki yenye mchapuko wa 4 m/s² (kasi inaongezeka 4 m/s kila sekunde) imefika 20 m/s, sawa na basi. Lakini basi limeshakwenda mita 100 toka kituoni, pikipiki mita 50 tu! Kufikiana ni umbali kulingana. Sekunde t toka pikipiki iondoke, basi limekwenda 20t; pikipiki imeanza ikiwa imesimama, kwa hiyo ½ × 4 × t², yaani 2t². Ukilinganisha, t = 10, mita 200 toka kituoni. Nafundisha fizikia, kosa hili nalisahihisha kila muhula. Ila kama pikipiki iliondoka sekunde 2 baada ya basi kupita, upande wa basi andika 20(t + 2).