Mwanangu, hiyo kamusi usiisome kuanzia A

Newala

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Bibi yako mguu umepungua kuuma na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue yu mzima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umesema tangu uingie kwenye ofisi ya wanunuzi wa korosho hapo Mtwara mjini, barua pepe na mikataba yote ni Kiingereza. Umenunua kamusi, kila usiku unanakili maneno ishirini na maana zake kwa kufuata alfabeti, na ikifika Ijumaa hukumbuki hata matano. Ukaniuliza: "Mama, tatizo ni kichwa changu au ni njia ninayotumia?"

Ni njia. Kamusi imepangwa kwa alfabeti ili neno lipatikane upesi, haikupangwa kwa kuangalia lipi linakufaa wewe. Ukianzia A utakutana na "abbot", mkuu wa watawa, na huyo labda ukamtafute Ndanda, kwenye monasteri. Mnadani hana loti. Kuna mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, ambaye mwaka 1953 alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayomfaa zaidi mtu anayejifunza. Mengi ya hayo unayajua tangu sekondari. Na hapo hapo ndipo unapokwama, maana unayajua nusu.

Chukua ule mstari ulionisomea: "We will settle the outstanding amount subject to final inspection." Hakuna neno hata moja hapo ambalo hukulikuta kabla ya kidato cha nne. "Settle" ulilipata kwenye historia, walowezi walipokuja kukaa kwenye ardhi ya watu. "Outstanding" mwalimu alikuandikia kwenye ripoti ulipofanya vizuri sana. "Subject" ni somo. Sasa ziunganishe maana hizo tatu uone kama utapata kitu cha kumpelekea bosi wako. Kwenye biashara "settle" ni kulipa deni likaisha, "outstanding" ni kile ambacho bado hakijalipwa, na "subject to" ni kwa sharti kwamba. Mnunuzi anasema atamalizia malipo yaliyobaki, ila ukaguzi wa mwisho uwe umeridhisha. Wewe ukamwona kama anasifia korosho!

Kwa hiyo maneno yatoe kwenye karatasi zinazopita mezani kwako. Neno likikusumbua, ndipo ufungue kamusi, na ukifungua usiishie kwenye maana namba moja kama wafanyavyo wengi. Teremka mpaka ya tatu, ya tano, uikute ile inayokaa vizuri kwenye sentensi yako. Kisha uandike sentensi nzima, wala si neno peke yake. Sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga deki, na hakuna anayepigwa. Mgeni akijifunza "piga" kwa maana ya kuchapa tu, ataogopa kuingia nyumba ya mtu siku ya usafi. Na Kiingereza kina mambo yake hayo hayo: malipo unaya-"make", biashara una-"do", mvua kubwa ni "heavy", ukisema "strong" watakuelewa lakini watajua umetafsiri kichwani.

Yako maneno ambayo kamusi haitakusaidia hata ukeshe nayo. "Outturn" ni mojawapo. Usiniulize mimi, wala usiiulize kamusi. Nenda ghalani siku wanapokata korosho za sampuli, usimame karibu. Utaona wanavyozipasua, wanatenga kiini kizima, kilichooza, kilichosinyaa, wanapima uzito. Ile namba inayoandikwa mwishoni ni ratili za kiini kinachofaa zitakazotoka kwenye gunia la kilo 80. Ukishaliona hilo kwa macho, neno halitakutoka tena. Bibi yako hajawahi kukaa kwenye darasa la Kiingereza, lakini "gredi" anaijua kuliko wewe, maana ndiyo inayoamua analipwa kiasi gani.

Ulisema rafiki yako kakufundisha kukata neno vipande. Ni njia nzuri: "port" ya "import", "export" na "transport" inatoka kwenye Kilatini, maana yake kubeba, na ukiijua umefungua milango mitatu kwa mkupuo. Ila isikutie kiburi. "In-" mara nyingi hukanusha, lakini ukikuta pipa limeandikwa "inflammable" usije ukawasha kiberiti karibu ukidhani haliwaki. Linawaka, tena sana. Siku hizi mapipa mengi huandikwa "flammable" kuwaepusha watu na balaa hilo hilo.

Sasa kuhusu kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, halafu kasi inapungua. Maneno yako ishirini ya Jumatatu usiku yalianza kuvuja kabla hujaamka, na Jumanne ukaongeza mengine ishirini juu yake. Punguza. Chukua matano. Kata kadi kwenye kalenda ya mwaka jana, upande mmoja andika sentensi ukiacha pengo, upande wa pili neno lenyewe. Irudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Ukiikosa, inarudi mwanzo. Na usiangalie jibu kabla hujahangaika kidogo kulitafuta kichwani. Wengi wanasoma kadi pande zote mbili kama gazeti, wanajiona wanajua.

Yatamke kwa sauti pia. Tahajia ya Kiingereza si ya kuaminiwa. "Receipt" ina p ambayo haitamkwi, na waliotuletea "risiti" bila shaka waliichukua kwa sikio.

Mkataba huo unaokutisha usinitumie wote, macho yangu yamechoka na simu hii kioo chake kina ufa. Nakili vifungu vitatu tu, chini yake andika kwa Kiswahili unavyovielewa, hata kama huna hakika, ndipo nitakujibu. Na ule mstari wa "demurrage", tozo ya kuchelewesha meli au kontena, muulize mtu wa bandarini kwanza, hao ndio wanaoujua kwa hasara zake.

Mdogo wako anakuja huko Jumamosi. Nimempa unga wa muhogo na kamusi yangu ya zamani, ile yenye mifano mingi. Jalada limetoka, iwekee gundi.

Mama yako