Zimamoto Marekani: cheti, daraja na kile mkataba unachosema

Wasomaji wetu walioko Marekani, walioajiriwa au wanaoomba kazi katika idara za zimamoto za miji, wamekuwa wakituuliza kuhusu vyeti na mikataba yao. Haya ni majibu ya maswali sita.

Tangazo la kazi linataka "Mzimamoto I na II". Tofauti yao ni nini?

Ni madaraja ya ujuzi kwa viwango vya NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya kinga ya moto. Kwa miaka mingi yalikuwa katika kiwango namba 1001. Mwaka 2024 kiliunganishwa na vingine kuwa NFPA 1010, lakini mikataba mingi ingali inataja namba ya zamani, usishtuke. Wa I hufanya kazi akisimamiwa kwa karibu. Wa II hutarajiwa kuratibu timu inayoingia ndani na bomba, kuwanasua watu kwenye magari yaliyogongana, na kulinda ushahidi wa chanzo cha moto.

Ila kuna mtego hapa. Katika miji mingine "Mzimamoto II" ni ngazi ya mshahara inayofikiwa kwa miaka kazini, wala haihusiani na cheti chenye jina hilohilo. Fungua jedwali la mishahara mwishoni mwa mkataba, kisha maelezo ya kazi, uone neno limetumika kwa maana ipi. Tena NFPA si sheria wala haikupi cheti cha uzimamoto. Kiwango chake kinakubana pale jimbo, mji au mkataba unapokitaja.

Nilisomea uzimamoto Ghuba kabla ya kuhamia huku. Cheti changu kina thamani?

Tazama kama kina muhuri wenye namba wa IFSAC au wa Pro Board, mashirika mawili yanayoidhinisha wanaotoa vyeti vya uzimamoto. Mihuri hiyo ndiyo inayosafiri kutoka nchi hadi nchi na jimbo hadi jimbo. Hakikisha namba yako inaonekana kwenye rejista ya mtandaoni na jina limeandikwa kama lilivyo kwenye vitambulisho vyako vya sasa; majina yetu matatu huchanganywa sana, na ombi hukwama hapo. Bila muhuri, jiandae kuanza chuo upya. Na kabla ya kulipa ada yoyote, uliza idara kama inataka uraia au inatosha kuwa mkazi wa kudumu, maana kila mji una sharti lake.

Mtihani wa nguvu, CPAT, watu hufeli wapi?

Ni vituo 8 mfululizo ndani ya dakika 10 na sekunde 20, ukiwa umevaa fulana ya kilo 22.7. Kituo cha kwanza, ngazi ya mashine, huongezewa kilo 11.3 mabegani, nawe unapanda dakika 3 kwa hatua 60 kila dakika. Wengi huishia hapo. Kushika reli kwa kuegemea huleta onyo. Maonyo ni mawili, kosa la tatu umefeli. Ukishuka au ukianguka baada ya saa kuanza kuhesabu, umefeli papo hapo. Basi zoeza miguu na mzigo mgongoni. Kukimbia barabarani peke yake hakutoshi.

Mimi ni paramediki (mhudumu wa tiba ya dharura wa ngazi ya juu) wa idara ya zimamoto. Mwenzangu analipwa ovataimu akipita saa 40 kwa wiki, mimi hadi nipite 212 kwa siku 28. Kwa nini?

Kwa sababu ya daraja mliloandikiwa. Sheria ya shirikisho ya FLSA, inayosimamia mishahara na saa za kazi, kifungu cha 207(k), inairuhusu idara ya umma kuhesabu saa za mzimamoto kwa kipindi cha hadi siku 28, na kikomo chake ni saa 212, sawa na 53 kwa wiki. Tangu 1999 sheria imetaja wazi kuwa paramediki anaweza kuhesabiwa humo, mradi amefunzwa kuzima moto, ana mamlaka na wajibu wa kuuzima, na ameajiriwa na idara ya zimamoto ya umma. Mwenzako huenda ameajiriwa kwa tiba tu.

Tofauti hii ni pesa nyingi. Kwa zamu ya saa 24 kazini na 48 nyumbani, siku 28 hubeba zamu 9 au 10. Zamu 10 ni saa 240: kwako ni saa 28 za ziada, kwa anayehesabiwa 40 kwa wiki ni 80. Kwa hiyo kama umeandikwa mzimamoto huku hujafunzwa kuzima moto, huna vazi la moto na hutakiwi kuingia kwenye jengo linaloungua, daraja hilo linapaswa kupingwa. Kusanya rekodi za mafunzo, orodha ya vifaa ulivyokabidhiwa na ratiba za zamu. Usikawie: madai ya FLSA hurudi nyuma miaka 2, au 3 ikithibitika mwajiri alivunja sheria kwa kusudi.

Kagua pia posho ya cheti. Inapaswa kuingizwa kwenye kiwango cha msingi cha ovataimu. Ukilipwa dola 24 kwa saa na posho ya dola 1.50, mara moja na nusu ni dola 38.25, si 36.

Cheti changu cha EMT (mhudumu wa tiba ya dharura) kimeisha Machi 31 nikiwa na saa 31 za masomo. Nimerudishwa nyumbani bila mshahara. Wanaweza kunifukuza?

Pole sana. Kila kitu kinategemea kitenzi kilichotumika kwenye mkataba: "awe nacho anapoajiriwa", "akipate ndani ya muda fulani", au "akidumishe". Hicho cha tatu ndicho hatari, maana hugeuza cheti kuwa sharti la kubaki kazini.

Soma kama kinachodaiwa ni cheti cha NREMT, rejista ya kitaifa ya wahudumu wa tiba ya dharura, au leseni ya jimbo. Ni vitu viwili, na huenda tarehe zake zikatofautiana. Leseni ikiwa hai na mkataba ukitaja leseni tu, hujavunja sharti. NREMT hudai saa 40 kwa EMT na 60 kwa paramediki kila miaka 2. Nafasi ya kuhuisha cheti kwa kuchelewa, mwezi Aprili, huwafaa waliokamilisha masomo kabla ya Machi 31, kwa hiyo zikague saa 31 zako: mara nyingi saa zipo ila hazikupakiwa au msimamizi hakuziidhinisha.

Mwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi leo. Muda wa kuwasilisha malalamiko ni mfupi, na mkataba husema kama ni siku za kalenda au za kazi. Kama umemaliza muda wa majaribio na mkataba unadai sababu ya haki, hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1985 katika kesi ya Loudermill inakupa haki ya kuelezwa tuhuma na kujibu kabla ya kufukuzwa. Aliye kwenye majaribio kwa kawaida hana kinga hiyo. Omba pia kwa maandishi ushushwe daraja kwa muda, bila posho ya tiba, hadi ufanye upya.

Masomo ya kuhuisha cheti siku ya mapumziko, yanalipwa?

Si lazima. Kanuni ya shirikisho 553.226 inasema mafunzo ya nje ya saa za kazi yanayodaiwa na sheria kwa waokoaji wote wa eneo hilo, wa umma na wa binafsi, hayahesabiwi kuwa kazi kwa mtumishi wa umma. Ni mkataba unaoweza kukupa zaidi, kwa hiyo lipelekeni suala hili mezani mazungumzo yatakapofunguliwa. Lakini idara ikikuamuru uhudhurie jambo lake yenyewe, ambalo sheria hailidai, andika saa hizo na uzidai.