Usizidishe kwa saba: namna ya kujua mbwa wako ni mzee kiasi gani

Sisi wafugaji wa mbwa tumezoea hesabu moja: chukua miaka yake, zidisha kwa saba. Kwa hesabu hiyo, mbwa wa mwaka mmoja ni mtoto wa darasa la kwanza. Mbona basi jike wa umri huo anaweza kuwa ameshazaa?

Mimi hufuata kipimo cha madaktari wa mifugo. Mwaka wa kwanza ni kama miaka 15 ya binadamu, wa pili unaongeza 9, kisha kila mwaka ni kama 4 au 5. Jike wangu wa kienyeji, Pendo, ana miaka 10, kwa hiyo ni mama wa miaka 56 hivi. Kwa ile ya saba angekuwa bibi wa 70, na anavyomkimbiza paka wa jirani, hapana, sikubali.

Angalia na umbo pia. Tembo huishi kuliko panya, lakini kwa mbwa mambo ni kinyume: Great Dane mara nyingi huishi miaka 7 hadi 10, ilhali Chihuahua huvuka 14. Kwa hiyo jibwa la miaka 7 ni mzee, kijibwa cha miaka 7 bado ana nguvu zake.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walipima mabadiliko ya DNA kwa mbwa 104 wa aina ya Labrador. Wakakuta wa mwaka mmoja analingana na binadamu wa miaka 31, na wa miaka minne yuko kwenye 53. Kazi nzuri, ila ni aina moja tu ya mbwa, ndiyo maana kwa Pendo siitumii.

Na kama ulimwokota mtaani, hujui alizaliwa lini? Mfunue mdomo. Meno ya utoto ni 28. Akifika miezi saba hivi huwa ameota yote 42 ya ukubwani, meupe pe. Baadaye ya nyuma huanza umanjano, kisha ya mbele huisha ncha. Hapo uwe mwangalifu, maana mbwa anayeguguna mawe meno yake humzeesha bure. Tazama na macho: kuanzia miaka saba hivi mboni hupata ukungu wa samawati. Mara nyingi si mtoto wa jicho, ila daktari ndiye wa kusema.

Ukishakadiria, andika umri huo kwenye kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, usiuweke kichwani. Akifika miaka saba, au mitano kwa wale wakubwa, mpeleke akapimwe mara mbili kwa mwaka: figo, meno, uzito. Ugali nao upunguze. Pendo alinuna siku chache, sasa ameshazoea.